Kumtaja Muuaji

Shangazi yangu Zenobia Tarver hakuwa mpole, na atakayewaambia alikuwa mpole hakumjua. Alikuwa mpishi wa shule kule kwetu Alabama, na kofi lake lilikuwa zito kama sufuria zake. Lonzo, baba yangu, alikuwa mdogo wake. Wazungu walimpiga kwa mipini ya sururu kwenye ngazi za mahakama, mchana kweupe, kisa yeye, mtu mweusi, alikwenda kujiandikisha kupiga kura. Aliyeanza kupiga ni askari Claude Hensley. Baba alipokata roho, wakasema alianguka.

Jiwe la kaburi hatukuweza kununua. Tuliweka kikombe alichonywea mara ya mwisho, kimetobolewa kitako, ndiyo desturi yetu. Kila Jumapili ya pili ya Agosti tulipalilia makaburi, Shangazi akataja majina ya wafu wote, kisha tukala kuku palepale, kila ukoo miguuni pa watu wake.

Mwaka mmoja tulikuta trekta linanguruma. Dwight Hobson, mzungu aliyenunua shamba lenye makaburi yetu, alikuwa ameshalima safu ya kwanza ya makaburi. Vigae na mifupa vimezagaa juu ya udongo. Mifupa ya watu, jamani!

"Zima hilo dude!" Shangazi alifoka.

"Kwani kuna nini hapa, we kizee? Vyombo vibovu tu."

"Kuna ndugu yangu, mshenzi wewe!"

Hobson akakanyaga mafuta. Shangazi akamtandika jembe la mkono gotini. Yule akaruka chini na spana, akamvunja taya. Nilisikia mfupa ukivunjika. Shangazi alianguka, akatema meno, lakini akaung'ang'ania mguu wa Hobson, hakuuachia. Wajomba zangu wakamshukia yule bwana kwa ngumi hadi gari la polisi likafika.

Akashuka Hensley. Sasa alikuwa mkuu wao.

"Makaburi gani? Mbona sioni jiwe hata moja?" Akamwinamia Shangazi huku anacheka. "Haya Zenobia, si wewe ndiye msemaji? Nani kalala hapa?"

Shangazi akafumbua kinywa. Ikatoka damu tupu.

Nikasogea mbele yake. "Lonzo Tarver," nikamjibu mimi. "Unamjua sana. Ulimuua wewe."

Mkono wake ukaenda kwenye bastola. Hakukimbia mtu. Kila ukoo ulikwenda ukasimama miguuni pa wafu wake, hata vikongwe wa mikongojo. Hensley akaona tulivyo wengi, akaondoa mkono kwenye bastola, akamwamuru Hobson azime trekta.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Shangazi aliishi miaka mingi na taya la upande, chakula chake uji wa mahindi, na kazi ya kutaja majina akaniachia mimi. Sikomei tena kwa marehemu. Nasema: Lonzo Tarver, aliuawa na Claude Hensley. Watoto wanaitikia kwa sauti kubwa, wanarudia majina yote mawili. Hensley amezeeka, anakaa ng'ambo ya barabara, mkabala na makaburi, na kila Agosti anafunga madirisha kwenye joto lile.