Kengele Niliyoipeleka Vidunda

Hili jambo nilitaka lifie kifuani mwangu, ila kwa kuwa Shabani ameshaanza kulisimulia vijiweni kwa namna yake (na kwenye simulizi yake yeye hana kosa hata moja, yeye alikuwa amesimama tu), bora mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika. Ndiyo, mimi ndiye yule bwana harusi mtarajiwa aliyewaliza watu wa Vidunda mchana kweupe, kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga mchumba wake.

Banda langu la Mikumi mnalijua, kando ya barabara kuu, nawaingizia watu miziki kwenye flashi na memori kadi. Kazi hiyo inanilazimu kusikiliza kila kitu, kwaya, singeli, taarabu, lakini ugonjwa wangu ni roki. Kuna dereva wa lori la Zambia gari lilimharibikia pale, akawa anashinda bandani kwangu akisubiri spea, basi akanirushia albamu zake zote za roki, zile ambazo magitaa yanalia kama mashine ya kukoboa iliyokosa grisi, na mimi nikanasa, mpaka leo. Na kwenye roki nina msimamo wangu ulionigombanisha na watu wengi: wengine wanaipima albamu kwa wimbo uliovuma, mimi naipima kwa wimbo wa kwanza. Wimbo wa kwanza ndio mlango. Kuna albamu inaanza na gitaa moja linapapasapapasa, kama mtu anayetafuta swichi gizani, halafu ngoma zote zinaingia kwa pamoja. Kuna nyingine haipigi hodi, mwimbaji anakupigia kelele hata simu hujaiweka mezani. Na kuna moja niliyokuwa nimeiweka juu ya zote, inaanza na upepo, halafu kengele. Kengele kubwa ya chuma kizito, inapigwa mara moja, inaachwa inaisha yenyewe, kimya, halafu tena, halafu kimya, inakusubirisha mpaka unakaribia kukata tamaa, ndipo gitaa linaporomoka na unajikuta umesimama.

Sasa mchumba wangu Upendo ni mwalimu hapa Mikumi, lakini kwao ni Vidunda, kule mlimani, watu wa kanisa tangu enzi za mababu. Baba yake, Mzee Yeremia, ni mzee wa kanisa, si mtu wa kucheka ovyo, na alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama hilo banda la nyimbo ni kazi au ni starehe. Kwa hiyo sendofu ile ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya kumwonyesha kuwa binti yake hajaokota mhuni njiani. Upendo akaniambia, "Wewe ukiingia, ingia na kwaya. Kwaya yoyote. Nakuomba." Nikasema sawa. Na nilimaanisha, jamani. Ila asubuhi ya siku yenyewe, nikiwa naandaa flashi ya kumpa Shabani (Shabani ndiye mwenye spika, na ndiye rafiki yangu, japo leo sina hakika), nikajiuliza, hivi kweli mtu ambaye maisha yake yote amehubiri habari ya wimbo wa kwanza, siku yake kubwa aingie na kwaya ambayo kila bwana harusi ameingia nayo? Nikaifuta ile kwaya. Nikaweka albamu yangu. Uamuzi wenyewe haukuzidi kupepesa macho.

Tena nikaupangia staili. Mimi na washikaji zangu tungeingia na suti nyeusi na miwani myeusi, taratibu, vichwa chini, hatua moja kwa kila kengele, na lile sanduku la vitenge na mablanketi ya wakwe tungelibeba mabegani watu wanne, limefunikwa kitambaa cha zambarau alichokishona dada yangu. Halafu gitaa likishuka, tunalitua, tunavua miwani, tunaruka. Tulifanya mazoezi nyuma ya banda langu mpaka tukajisifia wenyewe.

Najua mmeshaanza kuona ninakoelekea. Mimi sikuona. Sisi wa Kilosa mjini, wajukuu wa manamba wa mashamba ya mkonge na watu wa reli, kwetu msiba unatangazwa kwa simu na kwenye grupu la ukoo, na kengele kwetu ni ya shule, ikilia unafurahi, ni muda wa kwenda kula. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kule Vidunda kengele ya kanisa ikipigwa haraka haraka ni ibada, na ikipigwa moja moja, na kimya katikati, kuna mtu amefariki, na kila anayeisikia huko shambani anaweka jembe chini na kwenda.

Basi tukaacha lami Kidodi, gari letu la Noah likapanda mlima likilalamika, tukafika. Sherehe ilikuwa uwanja wa kanisa kwa sababu kule juu ndipo penye tambarare. Shabani akazipanga spika zake zote, akazielekeza bondeni ("sauti isiwarudie wageni," alisema kitaalamu kabisa), akawasha jenereta lake. Nyumba ya Mzee Yeremia iko chini kidogo kwenye mteremko, na huko ndiko alikokuwa Bibi Persida, mama yake mzee, ambaye wiki nzima alikuwa hajisikii vizuri, kwa hiyo wakamwacha apumzike aje kuitwa chakula kikiwa tayari. Huyo bibi tulikuwa tunataniana tangu siku ya kwanza, aliniita mume wangu, na akaniambia Upendo ni mke mwenza tu, asijisahau.

Wakatuita tuingie. Upepo ukavuma kwenye spika. Kengele ikalia.

Niwaambie ukweli, ilisikika vizuri kuliko nilivyowahi kuisikia. Ilikwenda bondeni, ikagonga mlima wa pili, ikarudi. Mimi kichwa chini, miwani usoni, nikapiga hatua. Nikawa nasikia watu wamenyamaza, nikasema moyoni, wamekubali. Kengele ya pili, hatua. Ya tatu, hatua. Ikawa bado kidogo tu gitaa lishuke, jenereta likakohoa, likazima.

Shabani akalivuta kamba, likawaka. Na ile mashine yake, ikizimwa na kuwashwa, inaanza wimbo wa kwanza. Upepo. Kengele. Hatua. Kengele. Hatua. Jenereta likazima tena. Hivyo hivyo, sijui mara ngapi, na mimi kwa ujinga wangu kila likiwaka nawanong'oneza wenzangu, "Tulieni, endeleeni, gitaa linakuja." Gitaa halikuja. Watu wa bonde lote la Vidunda waliisikia ile kengele moja moja, ikitokea kanisani, ikiachwa, ikirudiwa, na hawakusikia hata uzi mmoja wa gitaa. Na waliokuwa uwanjani waliona wanaume wa suti nyeusi wakija polepole wamebeba sanduku lenye kitambaa cha zambarau.

Mama mmoja wa meza za mbele akashika kichwa. "Jamani, Bibi Persida!" Akaangua kilio. Mkiwa mmewahi kuona kilio kikipokelewa mnajua, hakiulizi maswali, kinapita meza hadi meza. Mama mkwe wangu akaitupa trei ya soda. Mzee Yeremia alikuwa ameshika maiki, ikamdondoka, na yule mzee asiyecheka akakimbia kuteremka kwa mama yake huku koti linapepea, na ule uso wake nilipouona ndipo nikavua miwani. 

Upendo akanifikia, gauni ameliinua kwa mikono miwili. "Umeweka nini?"

"Ni wimbo wa kwanza," nikasema. (Ndicho nilichoweza kusema. Ni wimbo wa kwanza.)

"Mwenzangu, umepiga kengele ya msiba!"

Nikageuka kumtafuta Shabani azime. Shabani alikuwa amejificha nyuma ya spika. Na huko bondeni watu walishaanza kupanda, wanawake wamejifunga khanga, wana unga kwenye mabeseni, wanaume wana kuni mabegani, na simu kule zinashika kwenye jiwe moja tu karibu na shule, kwa hiyo hakuna wa kuwazuia, ila yupo aliyewahi lile jiwe akapiga simu kijiji cha Zombo, na ndugu wa huko wakapakiana kwenye bodaboda. Fundi seremala akafika na futi yake mfukoni, akanishika bega kwa huruma, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Pole sana kijana. Marehemu alikuwa mrefu kiasi gani?"

Mzee Yeremia akarudi akihema. Nyumbani hakumkuta mama yake, kitanda kitupu. Akaja mpaka usoni kwangu, nikasema, "Shikamoo baba," sijui kwa nini, tulishaamkiana asubuhi, na hakuitika. Akasema, "Chukua sanduku lako, chukua watu wako, mshuke. Sina mkwe."

Nilitaka kulia, na ninawaambia bila kuona haya kwamba machozi yalishafika, ndipo nikaona kwenye kona ya uwanja, kwenye kile kinjia cha mgombani, anatokea bibi kizee na fimbo, khanga kichwani, bakuli la unga kwapani, pole pole, anajikaza. Alikuwa ameisikia kengele kama wenzake. Akaamka kitandani akachota unga, akapita njia ya mkato kuja msibani.

Akasimama katikati yetu, akatutazama mmoja mmoja. "Ni nani aliyetutoka?"

Upendo akapiga magoti akamweleza kwa Kividunda, mimi sielewi, nilisikia tu jina langu likitajwa mara nyingi kuliko nilivyopenda. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Akageuka kuwatazama watu na mabeseni yao, akamwona jirani yake wa ng'ambo ambaye kwa miaka hawakuwa wakisemeshana kwa ajili ya mpaka wa shamba, macho yamemvimba kwa kulia. Akamtazama huyo muda mrefu kuliko wote. Halafu akaja akakaa kwenye kiti changu, kile cha maua.

"Yeremia," akasema, "huyu mtoto haendi popote. Watu hungoja wafe ndipo waliliwe, na wala hawasikii. Mimi nimesikia. Unga huo upikwe, watu wale." Kisha akanigeukia. "Na wewe mume wangu, washa huo wimbo wako niusikie wote."

Jenereta kwa mara ya kwanza siku ile likatii. Bibi alizisikiliza kengele zote amefumba macho. Gitaa liliposhuka, akaruka kwenye kiti, akainua fimbo. "Zima! Kengele nzuri. Hayo mengine ni ugomvi."

Watu wakacheka, hata fundi seremala, na Mzee Yeremia akatazama pembeni, nadhani alicheka pia. Lakini bibi hakuwa amemaliza. Akanishika huu mkono wa kulia, akaushikilia.

"Umenizika nikiwa hai," akasema. "Basi siku yangu ya kweli ikifika, asipande mwingine kule juu kwenye kengele. Utapanda wewe, utaipiga kwa mkono wako huu, na usikimbie."

Nikasema, "Ndiyo bibi," na sikujua uzito wa nilichokubali mpaka niliposhika kamba ya kengele yenyewe mwezi uliofuata, mpiga kengele wa kanisa ananifundisha namna ya kuvuta na kuacha, na kwenye ndoa tukaingia na kwaya.

Tangu siku ile albamu ile siifungui. Nimeapa, harusini, bandani, hata kwenye masikio peke yangu, wimbo wa kwanza sitaki kuusikia, na simu yoyote ikitoka Vidunda alfajiri Upendo ndiye anayepokea. Bibi yupo, mwaka huu amelima viazi. Kila tukipanda kwenda kumwona nampigia goti, "Shikamoo bibi," na yeye kabla ya kuitikia marahaba huwa ananiuliza kwanza, "Mume wangu, mkono mzima?"

Namwambia mzima, bibi. Halafu nauficha mfukoni.