Siku niliyopunga mabawa ya ndege juu ya Hombo

Wakuu, salaam aleikum. Haya nimeyaona kwa macho yangu mawili. Asiyeamini apite kimyakimya, sina ugomvi naye.

Mimi ni Mkomoro. Baba wa Ikoni, jirani na Moroni. Mama wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzwani. Kiswahili nilikiokota Unguja nikiwa shule.

Miaka ile Nzwani imejitenga, nilikuwa kadeti Moroni. Tulichaguliwa wanne kujifunza kurusha ndege ndogo, injini moja, viti viwili. Weee! Nilivimba kichwa. Nikipita sokoni Volo Volo na ovaroli langu, najiona nchi yote yangu.

Ila moyoni sina raha. Simu za Nzwani zimekatika, mama yuko mtaani kwao Hombo, Mutsamudu, peke yake, sijui hata kama yu hai.

Asubuhi moja tukatoka na mwalimu wetu, mzee wa kigeni asiyependa maneno, kwa zoezi la safari ndefu. Usukani ninao mimi. Nzwani ilipoonekana nikamsihi, "Mwalimu, dakika moja tu, nilione paa la mama."

Akatazama mshale wa mafuta. Kisha, "Moja."

Nikashuka. Sasa sisi tulifundishwa kwamba ukipunga mabawa, kushoto kulia, maana yake nimekuona, salama. Nikampungia mama mara tatu.

Hapo nikaangalia chini vizuri. Saa nne asubuhi, na mji mzima hauna mtu! Nguo zimeanikwa, moshi unatoka majikoni, samaki wamepangwa mezani, na hata mtoto mmoja hayupo. Nikajua basi, wamekwisha wote.

Tukarudi Moroni. Wiki iliyofuata, tuko juu ya bahari, nikasikia wanawake wanasoma kwenye vile vidude vya masikioni. Kwa pamoja, polepole, kama wako hitimani. Nikamuuliza mwalimu hiyo ni stesheni gani.

Akanitazama. "Redio nimeizima muda."

Injini ikakohoa, ikazima. Iliwaka tena tumeshuka mpaka povu la bahari tunaliona. Mafundi wakafungua kila kitu, hawakuona kosa. Ikajirudia mara mbili, na kila mara usukani ninao mimi. Wenzangu wakirusha, shwari kabisa.

Halafu nikakutana Volo Volo na mfanyabiashara wa kwetu Hombo, aliyetoroka Nzwani kwa boti. Akaniambia, "Mama yako mzima." Nililia palepale mbele za watu, sikuona aibu.

Akaendelea, "Ila walitishwa. Ndege ya jeshi la Moroni ilishuka, ikatikisa mabawa. Watu wakajua mabomu hayo, wakajificha. Baadaye wanawake saba, mama yako akiwamo, wakakaa nyumbani kwake, wakamsomea rubani Albadiri."

Wakuu, Albadiri mnaijua, kisomo cha kumwapiza mkosaji. Anayesomewa si lazima atajwe jina, yenyewe inamtafuta. Na mama yangu mzazi ndiye aliyeisoma, kwa mdomo wake. Niliogopa kuliko siku zote nilizokaa angani.

Njia zilipofunguka nikaenda. Nikapiga magoti, nikamwambia mama, "Yule rubani ni mimi." Alinishika uso kwa mikono miwili. Kisha akajitanda nguo yake ya shiromani, akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wenzake waje waifungue kwa dua.

Wakaja watano. Na mama, sita.

Wa saba alikuwa jirani yetu, Ma Echati. Tukamfuata kwake. Siku ile ya ndege binti yake mjamzito alikimbia, akaanguka kwenye ngazi za uchochoroni, mimba ikatoka. Mimi sikuwa najua, wallahi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Naamini, mwanangu, ulikuwa unasalimia. Lakini mimi nilisoma kwa ajili ya mjukuu wangu. Yeye akikusamehe, nitakuja."

Akafunga mlango taratibu.

Sikugusa usukani tena. Mama ameshatangulia mbele ya haki, radhi zake ninazo. Ma Echati naye kafariki, na mlango ule sikuugonga tena. Nililojifunza ni kwamba aliye juu anajua nia yake, aliye chini anaona ndege tu.

Wenye elimu ya dini humu, nijibuni bila kunionea haya. Sita walinifungulia, mmoja kaondoka na yake. Mngekuwa ninyi, mngepanda ndege?