Kibali cha Kumfuata Mke

Mtu aliyepata kuchemsha nta anajua kwamba harufu yake haitoki mwilini kwa sabuni. Siku ya kwanza nilipokwenda boma kuomba kibali nilijisugua kwa mchanga, nikavaa kanzu niliyoolea, na bado watu waliokuwa mbele yangu kwenye foleni walikuwa wakigeuka kutazama kama kuna mzinga umepasuliwa karibu. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kuchemsha nta kwa Mhindi mmoja pale Kanyenye. Masega yanakuja magunia kwa magunia kutoka porini, unayachemsha, unayachuja, unaimimina nta kwenye sufuria, ikiganda unaing'oa kama ukoko. Nikianza habari ya nta sitamaliza, bora niiache.

Enzi zenyewe zilikuwa za Mwingereza, vita kubwa ya pili imekwisha lakini nguo bado ghali. Nilikuwa kijana, nimeoa, sijapata mtoto. Mke wangu alikuwa Mmanyema wa Ng'ambo hapahapa Tabora. Hao ni watu waliokuja na misafara ya zamani kutoka Kongo, wengine kwa hiari yao na wengine hapana, wakajenga, wakazaa, wakawa watu wa mjini kuliko hata sisi Wanyamwezi wenye nchi. Ila mama mkwe wangu alizaliwa kulekule Kongo, upande wa pili wa ziwa Tanganyika, na kaka zake walibaki kule chini ya Mbelgiji. Alipoanza kuugua tumbo, na dawa za hospitali na za mizizi zote zikashindwa, akasema apelekwe kwa kaka zake. Mke wangu akaenda naye kumwuguza. Mwanamke kumpeleka mama yake mgonjwa halikuwa jambo la kuulizwa maswali. Wajomba walituma karatasi, boma wakagonga muhuri, wakapanda gari moshi mpaka Kigoma, wakapanda meli, wakavuka. Mimi nikabaki na sufuria zangu.

Mvua zilipokwisha akaja mchuuzi mmoja wa dagaa, mtu wa Ujiji, mwenye leseni yake ya kuvuka ziwa. Alikuwa akileta magunia ya dagaa Tabora kwa gari moshi na salamu za watu humohumo. Akanikuta nachochea moto.

"Shemeji, mkeo anakusalimu. Anasema mama hainuki tena. Na huyo mama mwenyewe anakutaka."

"Mimi?"

"Wewe. Anasema ana neno na wewe, na hatalituma kwa mdomo wa mtu."

Nikaacha moto ukafa. Hapa lazima nieleze, maana siku hizi naona vijana wanakaa meza moja na mama mkwe wanakula. Kwetu ilikuwa haiwezekani. Tangu nioe, nikimwona mama mkwe anakuja njiani nilikuwa naacha njia naingia vichakani, naye anajifunika kanga na kutazama upande mwingine. Salamu zetu zilipitia kwa mke wangu, hata tukitenganishwa na ukuta wa fito tu na kila mmoja anamsikia mwenzake anakohoa. Sasa mama wa namna hiyo akisema nataka kusema na mkwe wangu, si jambo dogo. Kuna kitu anataka kukiweka sawa kabla hajaondoka duniani. Nikamwambia yule mchuuzi, waambie nakuja.

Kuvuka kwa kujificha nilifikiri, nani hakufikiri? Lakini jirani yetu mmoja wa Mtendeni alijaribu, akapanda mtumbwi wa wavuvi, askari wa Mbelgiji wakamshika ufukweni. Walimchapa viboko, wakamfanyisha kazi ya barabara, na aliporudi alikuwa hawezi kukalia kiti. Nikaona nitumie njia ya halali.

Basi, boma. Dirishani alikaa karani mmoja, Mzaramo, mtu wa pwani, mashati yake meupe kila siku. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Utani wetu ni wa tangu babu zetu walipokuwa wakishusha pembe za ndovu pwani, wakifika Uzaramo mara wapigane, mara wagawane chakula, mara mtu afe na wenyeji wamzike. Ukawa utani mpaka leo. Mtani wako anaweza kukuvua kofia sokoni akaondoka nayo, na wewe ucheke. Ukikasirika wewe ndiye umekosa.

Nilipofika dirishani nikamwamkia, na lafudhi yangu ikanitaja.

"Aa, Mnyamwezi!" akasema. "Mzigo umeuweka wapi, mtani? Huku hatupokei mtu mikono mitupu."

"Nimemtwika mama yako," nikasema. "Yuko nyuma anakuja, anapumzika pumzika."

Foleni ikacheka. Askari wa mlangoni akacheka. Hata mimi nikaona mambo yatakuwa mepesi, nimepata mtani dirishani.

"Haya, sema shida yako."

"Nataka kibali. Mke wangu yuko Kongo, nataka kumfuata."

Akaweka kalamu chini. "Unamfuata wewe?"

"Namfuata."

"Hebu nielewe vizuri. Nani alimwoa mwenzake hapo?"

Sasa ukiulizwa hivyo na mtani, mbele ya watu, utajibu nini? Mdomo ukanitangulia. Nikasema, "Yeye ndiye aliyenioa. Alileta ng'ombe kwa baba yangu na jembe juu yake."

Akapiga meza kwa kicheko. Akasema, "Basi bi harusi, nenda nyumbani ukajifukize udi, nimeshaandika. Nitakuita." Na kweli nilimwona anachora kitu kwenye karatasi. Nikaenda zangu nimeridhika.

Nikangoja. Nikarudi. "Bado, bi harusi, Bwana Shauri anakutafutia kanga ya kukuenea." Bwana Shauri ndiye Mzungu mkuu wa wilaya. Nikacheka, nikamtukana kidogo kwa nazi za kwao, nikaenda. Mimi kichwani mwangu nilijua namna ya watani: juu ni mzaha, chini kazi inakwenda. Nikarudi tena. "Karatasi yako imefuliwa, iko kwenye kamba, ikikauka njoo." Nikacheka tena. Mwezi ukaandama, na mwingine ukaandama. Yule mchuuzi wa dagaa akaja, akaniuliza mbona sijaenda. Nikamwambia karatasi zinatengenezwa boma. Akasema, "Harakisha, shemeji. Mama sasa anakunywa uji tu. Kila mlango ukifunguliwa anauliza kama ni wewe."

Siku ya pili yake nilikwenda boma sikuoga. Nikamkuta anakula karanga.

"Bi harusi huyo!"

"Karatasi yangu iko wapi?"

"Imekwenda kwa fundi, inatiwa marinda..."

Nikapiga dirisha kwa kiganja, karanga zikamwagika. Nikamwambia maneno ambayo mtani haambiwi. Nikamwambia mama mkwe wangu anakufa huko na wewe unatafuna. Askari akasogea. Yule karani akanitazama usoni kama ananiona siku ile kwa mara ya kwanza, akasema taratibu:

"Kumbe ulikuwa unasema kweli?"

"Uongo ungekuwa wa nini?"

"Lakini wewe mwenyewe ulisema alikuoa yeye! Mwanamume anayemfuata mke Kongo, mimi miaka yote hapa sijamwona. Nilijua ni utani wa kwenu. Nilidhani unapenda tu kuja kupiga porojo."

"Na ulichoandika siku ile?"

Akainama kuokota karanga. Baadaye aliniambia alichora ngamia.

Sitaki kusema alikuwa mtu mbaya. Aliondoka hapohapo akaingia kwa Bwana Shauri, na mimi nikamsikia kwa ndani akisema Kizungu kingi kwa niaba yangu. Akatoka jasho linamtoka.

"Anasema karatasi ya namna hiyo haipo. Mke akimfuata mume, ipo. Mtoto akimfuata baba, ipo. Mume akimfuata mke, hapana. Mume huenda kwa kazi au kwa biashara."

"Basi niandikie kazi."

"Kazi ni ya migodi, mtani. Watakupakia mpaka kusini huko Katanga, mbali na ziwa safari ya siku na siku, na mkataba hauvunjwi. Mkeo utamwona ukimaliza." Akafikiri. "Anasema pia, kama unamtaka mkeo, mwite yeye arudi. Hiyo inatoka leo leo."

Hebu niambie. Nimekwenda kuomba nifike kwa mgonjwa, wananipa karatasi ya kumwondoa anayemwuguza! Nikaona macho yananiwaka. Karani akasema tujaribu biashara. Wewe si mtu wa nta? Lete barua ya tajiri wako kwamba unakwenda kumwuzia nta Kongo, mimi nitapenyeza.

Nikakimbia Kanyenye. Yule Mhindi alikuwa amekaa mbele ya mizani yake, mtu wa heri kwa kawaida, Idi alikuwa akinipa kitambaa. Nikamweleza yote toka mwanzo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Wewe nakwenda uza nta Kongo. Mteja nakujua wewe. Mimi nabaki uza nini?"

"Bwana, siuzi kweli. Ni ya karatasi tu."

"Karatasi ya uongo mimi natia sahihi? Serikali nakuja funga duka yangu!" Akanipa ruhusa ya kwenda kuzika, eti mama akifa niende kuzika, ruhusa anatoa. Ruhusa ya kwenda wapi, na kibali sina?

Nikarudi boma, karani akasema tujaribu kwa mtu mwingine mwenye duka. Tukazunguka naye baada ya kazi, Mzaramo na Mnyamwezi, shati jeupe na harufu ya nta, duka kwa duka. Mwarabu mmoja wa tende akakubali kuandika, lakini akataka kwanza amuulize kaka yake aliyekuwa Nzega. Tukamngoja kaka wa Nzega.

Kabla kaka wa Nzega hajajibu, mchuuzi wa dagaa akaja. Hakunisalimu kwa kelele kama siku zote. Akasema mama amezikwa, na mke wangu yuko njiani, gari moshi la kesho.

Nilikwenda stesheni. Akashuka amefunga kaniki, amekonda, kifurushi mkononi. Nikampokea. Hakulia pale. Tulipofika mahali pa kuvukia reli ndipo akasema:

"Alikungoja."

"Najua. Boma walinikatalia."

"Walikukatalia nini? Mwenye dagaa anavuka. Wavuvi wanavuka. Mimi nilivuka na mgonjwa mgongoni."

"Hawana karatasi ya mume kumfuata mke."

Akanitazama kama mtu anayetazama mtoto mwongo. Na mimi mwenyewe nilipoyasikia maneno yale yakitoka kinywani mwangu yalikuwa na sura ya uongo. Nikamwuliza kama anajua mama alikuwa na neno gani. Akasema hakumwambia. Labda la kunibariki, labda la kunidai, labda la kumtoa kwangu. Mama alisema litaingia sikioni kwa mkwe wake, basi, likaenda naye.

Matanga yakawekwa Ng'ambo, kwenye nyumba ya marehemu. Watu wakajaa, wa kwetu na wa kwao. Siku ya kuanua, bila kualikwa, akatokea yule karani. Ndiyo kazi ya mtani msibani, kuwachekesha waliolia. Alivaa kanga kiunoni, akajifunga kilemba, akaweka kinu mlangoni akakalia, akakataa watu kuingia kula wali mpaka waonyeshe kibali. Halafu akaanza kuigiza. Huku ni yeye karani, huku ni mimi. "Nani alimwoa mwenzake?" "Yeye ndiye aliyenioa! Alileta ng'ombe!" Akaruka upande huu, akaruka upande ule. Wazee wakacheka mpaka wakashika mbavu. Shangazi zake mke wangu wakacheka, wakamtupia maganda ya ndizi. Na mimi nikafurahi moyoni, nikasema sasa mke wangu ameyasikia kwa mtu mwingine, atajua kwamba nilikwenda, kwamba sikukaa tu.

Watu walipopungua nikamkuta uani anakusanya masinia.

"Umemsikia?" nikamwuliza.

"Nimemsikia. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo. Sikukudanganya."

"Ulimwambia kwamba mimi ndiye niliyekuoa."

"Ni utani. Unajua desturi yake."

"Najua. Kwa hiyo mlicheka."

"Tulicheka. Ningefanyaje? Nimkasirikie mtani mbele ya watu?"

Akapanga sinia juu ya sinia. "Ungelia," akasema. "Mtu akilia mbele ya mtani wake, mtani anajua pana msiba. Angeandika siku ile ile."

Akayabeba akaingia ndani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Baada ya hapo tuliishi miaka mingi, tukazaa, tukagombana kwa mengine na tukapatana, lakini neno lile sikupata kulijibu, na sasa hayupo wa kujibiwa. Nabishana naye peke yangu. Mwanamume alie boma, dirishani, foleni nzima nyuma yake, askari anatazama, eti kwa sababu mke wake yuko mbali? Nani alikuwa akifanya hivyo wakati ule? Na hata ningelia, Bwana Shauri angesema vilevile kwamba karatasi haipo. Angesema tu. Ila angesema mapema, mama akiwa bado anakula.