Mgao wa Ijumaa Kule Abu Hamour

Baba yangu mdogo alikuwa na gobore. Kwa asiyelijua, gobore ni bunduki ya kienyeji: unashindilia baruti kwa mdomoni, unamwomba Mungu, halafu unafyatua. Alikuwa anafukuzia nyani shambani, kule kwetu Handeni, ambako nyani wanakula mahindi kuliko wenye mahindi. Nyani wenyewe hawakuliogopa hata kidogo. Walikuwa wanakaa juu ya kichuguu wanamtazama anavyohangaika kushindilia, na mimi nina hakika walikuwa wanamcheka, maana mpaka amalize wao wameshashiba na mmoja wao ameshalala.

Siku moja likafyatuka kweli. Moshi ukajaa, baba mdogo akaanguka chali, nyani wakaondoka salama salimini, na mbuzi wa jirani aliyekuwa anakula majani upande wa pili wa shamba akaenda chini. Mbuzi wa watu! Hata hindi moja hajagusa. Wazee wakakimbia na kisu wakamuwahi kumchinja kabla roho haijatoka, angalau nyama iwe halali.

Jirani akaja amevimba. Baba mdogo, mavumbi bado yapo kichwani, akasimama mbele ya watu wote akasema, "Kaka, pole. Nimekukosea." Basi. Jirani akashusha mabega. Nyama ikakatwa, na wazee wakasema aliyepata hasara achague kwanza. Akachukua paja. Baba mdogo akachagua mwisho, akapata kwato na maneno ya mke wake. Mimi nilikuwa mtoto, nilichoshika akilini ni lile paja tu.

Tangu siku hiyo mimi na bunduki hatuna undugu. Nimefanya ulinzi miaka mingi, nyumbani na hapa Doha, na nyumbani waliwahi kunipa bunduki ya kulindia ghala la mkonge. Nikawa naiegemeza ukutani mbali na mimi kama mgonjwa wa kuambukiza, nakaa na rungu langu. Mpaka leo nasema: refa akikasirika anaanza na kadi ya njano. Mtu anapata nafasi ya kuomba radhi, kutukana kimoyomoyo, kurudi mchezoni. Bunduki haina kadi ya njano. Ndiyo maana nilivyofika Doha wakanikabidhi redio ya mkononi na tochi, nikasema alhamdulillahi, hapa nitazeeka vizuri. Na nimezeeka. Magoti yote mawili yamestaafu kabla yangu.

Sasa hilo la mgao. Nilikuwa nalinda mnara mmoja kule West Bay, ule wa vioo ambao ukiutazama mchana macho yanatoa machozi. Chini kabisa, kwenye chumba cha kulia wafanyakazi, kulikuwa na televisheni ambayo haikuwa na mwenyewe. Aliyewahi kushika rimoti ndiye mwenyewe. Siku hiyo ilikuwa kwa mwenzangu mmoja Mganda, mlinzi kama mimi, mlokole safi, lakini michezo anaangalia yote, hata ile ya kurusha vishale. Nikakuta ukumbi mkubwa umepambwa taa. Akatokea kijana mrefu kavaa suti ya kung'aa, mama yake analia, akavishwa kofia, akakumbatiwa na mzee mnene wa tai.

Nikauliza, "Hii harusi mbona bibi harusi haonekani?"

"Ssebo, mzee wangu, si harusi hiyo. Ni Wamarekani wanachagua wachezaji." Akanieleza kwamba ni wa mpira wao ule wa kushika mikononi, ulio kama papai. Timu zote zinakaa, zinachagua vijana kwa zamu. "Na ile iliyoshika mkia msimu uliopita ndiyo inachagua kwanza."

"Iliyoshika mkia?"

"Eeh. Ndiyo na yenyewe ipate nguvu."

Nikaacha kijiko kwenye wali. Nikaliona paja la mbuzi kabisa, hili hapa, na jirani anaondoka nalo. Nikasema kumbe Wamarekani wana wazee kama wa kwetu! Sifa hazijakaa vizuri mdomoni, ikaja taarifa ya habari: huko huko kwao mtu kawamiminia risasi watu waliokuwa wanatoka kuangalia mpira. Wanaonyesha viatu vimetapakaa barabarani. Halafu hao, wakarudi kwenye ukumbi, kofia nyingine, mama mwingine analia.

Mganda akazima sauti. "Banange. Wameweza kupanga timu ya mwisho ichague kwanza. Bunduki ikae kabatini, hiyo imewashinda."

Mimi sijui mambo ya Amerika. Nimesoma mpaka darasa la tatu, la nne nililiona kwa dirishani. Lakini hilo la kuchagua nikalibeba nikalipeleka kwetu Abu Hamour, mtaa wa hapa Doha tunakokaa wafanyakazi.

Kule tulikuwa tunacheza mpira kila Ijumaa asubuhi, kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya makazi yetu, jua likiwa bado lina adabu, ili watu wawahi kuoga kwa ajili ya sala. Mimi sichezi. Mimi ni shabiki, na shabiki wa kweli anafanya kazi kuliko beki. Zamani timu zilikuwa kwa nchi: Wakenya huku, Waganda kule, sisi Watanzania pale. Kila mechi ikiisha ugomvi si wa mpira tena, ni wa serikali ya nani mbaya zaidi. Wakenya wanazitukana serikali zote tatu, ya kwao kwanza. Waganda wanacheka halafu wanaangalia nyuma. Sisi Watanzania tunafungwa nne, tukitoka tunasifia amani.

Nikawaambia tuchanganye. Manahodha watatu, wachezaji wote wapange mstari, iliyoshika mkia ichague kwanza, na ukichaguliwa unavaa vesti ya rangi hiyo mpaka msimu uishe. Hakuna kukataa. Tukauita mgao. Vesti nashika mimi. Wakapenda! Kuchaguliwa wa kwanza kukawa ndiyo heshima kubwa ya mwaka, mtu anapiga simu kwao kumwambia mama. Mimi mpaka nikaanza kuwaza tungewafanyia hivyo wabunge. Wilaya iliyoshika mkia ichague mbunge kwanza, tena kutoka chama chochote, avae vesti yao, akae huko huko wasikokuwa na maji. Tuone kama bomba halitafika. Niliwahi kumweleza jambo hili dereva mmoja wa teksi, Mpakistani, akaniambia kwao haliwezekani kwa sababu wote wangejidai wameshika mkia. Nikaona hilo nalo ni neno.

Haya, nisipotee. Kulikuwa na straika wetu, Mkenya, anafanya ulinzi kwenye nyumba za kupangisha kule Umm Salal, anakuja na basi la alfajiri. Mpole. Akifunga goli anarudi kati anatembea, kama mtu aliyetoka kununua mkate. Mimi Ijumaa nilikuwa naamka kwa ajili yake yeye, kusema kweli. Na kulikuwa na nahodha wa vesti za kijani, Mkenya vilevile, dereva wa familia moja, mtu wa watu, sauti kama ya mwadhini, na siasa za kwao anazipenda kuliko chakula. Yeye ni wa upande wa wenye serikali. Straika alikuwa hasemi ni wa upande gani.

Ikatokea kwao maandamano. Tumekaa pembeni ya uwanja tunakunywa karaki, ile chai ya maziwa nzito ya hapa, simu zinapita mkono hadi mkono, risasi zinalia kwenye simu. Nahodha akasema kwa sauti yake ile ya kusikika mpaka barabara kuu, "Si wangekaa kwao! Nani aliwaita barabarani? Ukienda kutafuta risasi utaipata, buda, hiyo ni hesabu rahisi." Watu wakacheka. Alikuwa anachekesha, siwezi kumnyima hilo.

Kesho yake straika akapigiwa simu. Mdogo wake alikuwa amepigwa risasi ya paja. Hakuandamana, alikuwa anafunga kibanda chake cha kutengeneza viatu. Mungu alimnusuru, lakini mguu ule mpaka sasa haukunjiki.

Habari zikafika kwa kila mtu, na kwa nahodha zikafika. Akaacha kuongea siasa. Alikuwa akimwona straika, yeye anajidai anapokea simu, na simu yenyewe haiongei. Mara moja akamtumia sahani ya pilau kwa mkono wa mtu mwingine. Straika akairudisha sahani imeoshwa, pilau kagawia watu.

Straika akanijia siku moja, tukakaa juu ya makreti ya soda. "Mzee, mimi sina shida na siasa yake. Apigie kura mwenye anataka. Lakini ile maneno alisema mbele ya watu. Aseme pole mbele ya watu. Ni hiyo tu. Asiposema, mimi siwezi kukimbia uwanja moja na yeye."

"Mwanangu, utaacha mpira?"

"Nitaacha."

Moyo ukanishuka, na nitasema ukweli, nusu kwa ajili ya mguu wa yule kijana na nusu kwa ajili ya magoli. Nikamfuata nahodha kwenye gari la tajiri wake, alikuwa analifuta vioo.

"Mwanangu, kamwambie mwenzio pole."

"Mzee wangu, wewe huelewi hii maneno ya kwetu. Nikisema pole, si watasema nimekubali upande ile ingine?"

"Kumwambia mtu pole si kumpigia kura!"

Akacheka, akafuta, akafuta tena palepale palipokwisha kung'aa. Halafu akaniambia chini chini, sauti ambayo sikujua kama anayo, "Naona haya, mzee. Lakini ngoja siku ya mgao. Nitamfanyia kitu kubwa kuliko pole. Utaona mwenyewe."

Nilirudi nimefurahi kama mtu aliyeahidiwa posa. Nikamwambia straika aje siku ya mgao, asikose. Akaja.

Lazima mjue kwamba kijani ndiyo walikuwa wameshika mkia, kwa hiyo nahodha anachagua kwanza. Na kilichowashikisha mkia ni golikipa. Wa kwao alikuwa amerudi Kampala, wakawa wanamweka langoni mpishi mmoja Mzanzibari aliyekuwa anaukwepa mpira kwa heshima zote. Kila mtu alijua kijani watachukua golikipa, na golikipa mzuri alikuwa mmoja tu, pale mstarini, ameshaanza kunyoosha vidole. Straika wakimwacha, wanaofuata watamchukua.

Nahodha akatoka mbele. Kavaa koti! Joto lile, koti la suti, suruali ya jezi. Mkononi ana mfuko wa plastiki. Watu wakaanza kupiga vigelegele kabla hajafungua mdomo.

"Timu ya kijani," akasema, "chaguo la kwanza kabisa..." akanyamaza kama wale wa kwenye televisheni.

"Sema basi, jua linawaka!" Mganda wangu akapiga kelele.

Akamnyooshea kidole straika. Yule golikipa akabaki vidole hewani. Mpishi Mzanzibari akashika kichwa, "Ya Rabi, mimi tena langoni?" Watu hoi kwa kucheka. Nahodha akatoa kofia mpya kwenye mfuko, ya kijani, karatasi ya dukani bado inaning'inia, akamvisha straika, akamkumbatia. Watu wakalipuka. Mimi mwenyewe nilipiga makofi mpaka vesti zikaniponyoka.

Straika hakumkumbatia. Alisimama mikono chini, anasubiri. Kelele zikapungua, zikaisha. Tukawa tunasikia gari la maji linarudi kinyumenyume huko nyuma ya makazi.

"Enhe," straika akasema. "Halafu?"

"Halafu nini?" Nahodha jasho linamtiririka, anatabasamu. "Nimekuchagua namba moja, buda! Nimeacha golikipa! Mbele ya watu wote!"

"Ndiyo hiyo?"

Nahodha akanitazama mimi. Nikamtingishia kichwa, nikamwonyesha kwa mdomo bila sauti, sema, mwanangu, neno lenyewe ni dogo. Akafungua mdomo. Naapa alifungua. Halafu akawatazama watu, Wakenya wenzake waliokuwa wamekaa upande huu na waliokuwa wamekaa upande ule, akaufunga.

"Yalla, tucheze," akasema.

Straika akavua kofia. Akaikata ile karatasi ya dukani kwa meno, sijui kwa nini, akamrudishia nahodha kofia yake kichwani, taratibu, akaiweka sawa. Akaniletea vesti ya kijani aliyokuwa ameshapewa, ameikunja.

"Asante, mzee," akaniambia. "Magoti hayo yapake mafuta."

Akakaa chini, akavua njumu, akazifunga kamba pamoja akazitupia shingoni, akavaa kandambili. Tulidhani anakwenda kunywa maji pale nje ya msikiti, kwenye bomba la maji baridi. Nikawaambia subirini kidogo. Alifika bomba, akalipita. Akayapita mabasi ya wafanyakazi yaliyoegeshwa.

"We! Namba moja!" nahodha akaita, koti limemkaa upande. "Rudi basi! Rudi tuongee!"

Hakugeuka. Akangoja gari moja lipite, akavuka barabara, na hakurudi tena.