Aisii ya Rimoti ya Paroko

Enzi za ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa, malori yalitushushia Sumbawanga kila kitu, na vingi vilifika vikiwa tayari vinahitaji fundi. Asante sana. Nilikuwa na kibanda Mazwi, palepale mjini, natengeneza redio, pasi na zile rimoti ambazo wenye televisheni walitembea nazo hadi sokoni, tusije tukawadhania maskini.

Baba yangu, mkulima wa Mpui, alikuwa ameshatoa hukumu: mtoto aliyesomeshwa kwa mahindi na ulezi hawezi kushinda anachokonoa waya halafu akaiita hiyo kazi. Siku moja akaja na baiskeli, kanuna, na rimoti ya paroko ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nimeshamwambia paroko utaitengeneza. Usiniaibishe."

Hee! Miaka yote sina kazi, leo ghafla mimi fundi wa kanisa.

Mwanga wa rimoti hauonekani kwa macho, kwa hiyo tulizipima kwa redio. Unaisogeza karibu, unabonyeza, redio inakoroma. Hii haikukoroma. Nikaifungua. Aisii, kile kidude cheusi chenye miguu mingi kinachogeuza kila kitufe kuwa amri, ilikuwa imeungua, na kiwandani walishazikwangua namba zake, wakihofia Wafipa tutaiba siri. Bila namba, hata Dar es Salaam ningeulizia nini?

Nyumbani nilikuwa na televisheni ya aina ileile, fahari ya mke wangu. Nikakimbia kuchukua rimoti yetu, nikaing'oa aisii yake, nikaichomelea kwenye ya paroko. Baba alikaa akitazama moshi wa risasi ya kuchomelea. Redio ikakoroma! Nilitamani aseme neno moja tu, hata "kumbe". Akauliza kama mjini mvua imenyesha.

Mke wangu alinisema wiki nzima, na alikuwa na haki.

Jumapili nilipanda hadi Mpui kusali. Baada ya misa paroko akamshika baba mkono, akasema rimoti inafanya kazi vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Nilikuwa nimesimama pembeni yao, shati limenyooshwa, nasubiri kutajwa.

"Aa, haikuwa na ugonjwa, baba paroko," baba akasema. "Vumbi tu. Niliifuta mwenyewe."



Paroko akanigeukia, akaniuliza kwa upole siku hizi nafanya kazi gani. Baba akatazama viatu vyake.

Nikamjibu kwamba bado natafuta.