Msumari Mahali pa Fyuzi

Kuna habari moja ambayo mke wangu akiianza mbele za watu, mimi huinuka nikaenda kutazama kuku. Leo naisema mwenyewe, maana naona mmeshaisikia kwa wengine na wameitia chumvi, wakati yenyewe haihitaji chumvi yoyote.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, bidhaa zimeanza kujaa madukani na kila mwenye miguu anajiita mfanyabiashara, nami Sanga, mtoto wa Makete, nikajikuta Kibiti nauza mitumba na sabuni kwenye magulio kwa pikapu yangu, chumba nimepanga kwa Bi Tausi. Huyu Bi Tausi alinipokea sina hata mkeka, Mkristo wa bara nisiyejua kukuna nazi, akanifanya mwanawe, na homa ikinishika ni yeye anayenipikia uji. Nataka mlijue hilo kwanza.

Sasa kwenye pikapu nilifunga amplifaya ya gari, kuukuu, niliyoinunua Dar kwa mtu aliyeapa kwamba ni nzima, na spika mbili juu ya paa. Nikiingia kijijini muziki wa dansi ukalia, kinamama wanajua Sanga kaja, wanatoka na vikapu. Ila ile amplifaya ilikuwa na ugonjwa mmoja: inaunguza fyuzi. Unaweka fyuzi, inalia kidogo, fyuzi imekwenda. Unaweka nyingine, hiyo nayo.

Asubuhi moja nikasema leo ama zangu ama zake. Nikafungua, nikapuliza vumbi, nikanusa (mafundi wote hunusa, nami nikanusa, sikujua nanusa nini), nikachomoa spika moja, nikachomoa ya pili, fyuzi ikaungua vilevile. Mwenye akili angeufuata waya kutoka kwenye betri aone umechubuka wapi. Mimi nikaishuku swichi ya ufunguo, nikaunga redio ya kaseti na amplifaya moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ya mwisho nayo ikaungua, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikachukua msumari, nikaukata, nikaupachika mahali pa fyuzi. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Kimya. Nikatikisa nyaya. Kimya. Nikasema basi, imekufa, nikaenda kunawa mikono, kitufe nimekiacha kulekule mwisho.

Sijajifuta maji Bi Tausi akaingia uani, khanga kajifunika kichwa kizima. Kaka yake, Mzee Salum, aliyekuwa amelazwa pale Kibiti, amefariki. Wanataka wakamzike kwao Salale, mashua inangoja bandarini Nyamisati, na mnajua mambo ya delta ya Rufiji, maji yakishatoka mashua inakaa kwenye tope mpaka yarudi. Akaniuliza kama gari langu ni zima. Nikasema ni zima, mama, twende.

Jeneza likapakiwa nyuma, wanaume wakalizunguka, Abdalla mtoto wa marehemu amekaa kichwani kwa baba yake. Mbele tulikuwa mimi, Bi Tausi na shoga yake mmoja, na kinamama wengine watano wakasema watabanana hukohuko nyuma kwenye pembe. Tukaenda vizuri, polepole, mimi nimejawa na heshima, najiona mtu wa maana kwa kupewa kazi ile.

Kwenye kijiji kimoja cha njiani, siku ya gulio, gari likaingia shimoni. Ile amplifaya niliyoizika mwenyewe ikafufuka.

Jamani, ililia. Mwimbaji akaanzia katikati ya wimbo, anamwambia binti azungushe kiuno, na magitaa nyuma yake, na sauti iko mwisho kabisa. Nikakamata kitufe kikang'oka, nimebaki nacho mkononi. Nikazima gari kwa ufunguo, nikidhani nimepona, na gari likazimika kweli, ila muziki ukabaki, sasa bila mngurumo wa injini kuufunika, maana si niliunga kwenye betri mwenyewe? Na watu wa gulio waliposikia wakajua Sanga kaja. Wakatoka mbio na vikapu, watoto wanacheza mbele, mama mmoja anauliza kama leo nimeleta mashuka. Akafika ubavuni mwa gari akaliona jeneza. Sijapata kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Akajifunika mdomo, akaanza kuwarudisha wenzake kwa mikono, na wimbo unaendelea.

Abdalla hakunitukana. Aliniambia tu, "Zima." Nikamwambia haizimiki. Akanitazama kama mtu asiyeelewa lugha.

Nikakumbuka kuchomoa betri, na spana nimeiacha barazani Kibiti. Nikawa navuta nyaya kwa meno na kucha, na hapo moshi ukaanza kutoka chini ya kiti alichokalia Bi Tausi. Ule waya, kumbe, ulipita chini ya kile kiti, ganda limechubuka, unagusagusa bati, na lile shimo likaubana kabisa, na fyuzi zote zile zilikuwa zinaungua kuniambia hilo. Msumari hauungui, kwa hiyo ukaungua waya, na baada ya waya kiti. Tukamtoa Bi Tausi kwa kumvuta mkono, khanga imeshika cheche pembeni. Watu wa gulio wakamwaga mchanga. Muziki ulikata wenyewe waya ulipoyeyuka.

Hakukuwa na gari jingine. Wanaume wakaliteremsha jeneza wakalitia mabegani, wakaenda nusu mbio, wanapokezana, wengine wa gulio wakaacha biashara zao wakaingia chini ya jeneza la mtu wasiyemjua. Nilitaka kubeba. Kila nikisogea nafasi imejaa. Hakuna aliyenisukuma, ila hakuna aliyenipisha.

Wao waliwahi maji. Sisi hatukuwahi. Mimi nilitembea na kinamama, na Bi Tausi miguu yake ilikuwa ya kuvimba, tulipofika Nyamisati mashua ilikuwa imeshaingia mikokoni, haionekani, na chini yetu ni tope na kaa. Wasingeweza kungoja. Akasimama pale akitazama kule alikokwenda kaka yake, na mimi nyuma yake.

Bila kugeuka akasema, "Sanga mwanangu, kama gari lilikuwa linaumwa, si ungeniambia? Ningetafuta jingine."

Hakulisema tena. Siku ya kumaliza matanga aliniletea sahani ya wali kama alivyowapelekea majirani wote.

Tangu hapo mtu akiniuliza kama kitu changu ni kizima, namtajia ubovu wake wote kabla sijataja uzima. Amplifaya niliitupa. Magulioni naita wateja kwa mdomo wangu, na wananilalamikia kwamba nina sauti mbaya, ni kweli ni mbaya, lakini nikiiambia inyamaze, inanyamaza.