Kabureta Aliyoipuliza Mgeni

Mimi shule niliiacha darasa la tano, kwa hiyo ukidhani nimekaa nikatunga, unanipa sifa nisiyostahili. Haya yalinipata mwenyewe, Buyenzi, hapa Bujumbura, miaka ya vita. Wala haikuwa usiku wa manane. Giza lilikuwa halijaingia.

Wakati huo sikuwa na kazi maalumu. Nilishinda kwenye karakana ya fundi Radjabu kwa sababu napenda kuona vitu vikifunguliwa. Siku hiyo Mama Sifa wa Nyakabiga alikuwa ameleta gari, Pijo 404 ya marehemu mumewe. Mama mzazi wa Mama Sifa alikuwa amebaki peke yake huko milimani, majirani wote wamekimbia, naye alitaka kwenda kumchukua. Asubuhi ya kesho kulikuwa na msafara wenye ulinzi wa askari, na dereva nilikuwa mimi. Unaijua misafara ya siku zile? Gari likizimika kwenye mpando, wenzako wanalizunguka na kupita. Nani asimame? Waliojificha msituni walikuwa wanangoja hilo tu.

Na Pijo lile lilikuwa linazimika hata kwenye tambarare. Radjabu aliifungua kabureta, akaiosha kwenye beseni la petroli. Boya lilikuwa limetoboka, na mhimili wa mlango wa hewa umelika mpaka unachezacheza.

"Tutafute ingine," nikamwambia.

"Utaipata wapi? Mupaka umefungwa. Mi natengeneza hii hii."

"Na ikizimika kule juu?"

"Utashuka usukume. We si unapenda kutembea?"

Adhana ya magharibi ikalia. Akanawa mikono, akaenda msikitini, nikabaki na beseni.

Ndipo akaingia mtu mrefu, amevaa koti zito la sufu. Buyenzi, na joto lile! Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Akakifungua: kabureta ya 404, safi, haina hata ufa.

"Mwiriwe," akanisalimia. "Ile ya zamani imekufa, ndugu. Wekeni hii."

"Unauza ngapi?"

"Apana, siuzi. Kesho munipatie nafasi nyuma. Nashuka kule kwenye makona, karibu na kwetu."

Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu kesho. Lakini niamini, mtu anayeogopa kuzimikiwa mlimani haulizi maswali mengi. Moyoni nilikuwa nimeshaikubali.

Ila pale Buyenzi kuna desturi. Kipuri kilichokwisha tumika hakifungwi mpaka mwenye nacho akipulize mbele yako. Anaitumbukiza kabureta kwenye petroli, anaweka mdomo kwenye bomba, anapuliza. Mapovu yakitoka, njia ziko wazi. Nikamsogezea beseni.

Akachuchumaa, akapuliza. Mashavu yalivimba, mishipa ya shingo ikasimama. Petroli ikatulia tuli, kama kioo.

"Imeziba hii, kaka," nikasema.

Nikaichukua, nikaweka mdomo palepale alipoweka wake. Bomba lilikuwa baridi mpaka meno yakauma. Nikapuliza kidogo tu, na mapovu yakajaa beseni zima. Nikamrudishia. "Jaribu tena."

Akapuliza tena, kwa nguvu zake zote. Hakuna hata povu moja.

Akaitoa mdomoni taratibu, akaitazama petroli kwa muda mrefu. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayepokea habari ya msiba ambayo alikuwa ameisikia nusunusu njiani.

"Ah," akasema. "Kumbe ni kweli. Pumzi sina tena."

Akaiweka kabureta chini, akainuka, akatoka. Nilipotoka kumfuata, barabarani watu walikuwa wanakimbilia majumbani kabla ya saa ya kutotoka nje. Koti lile sikuliona.

Radjabu aliporudi nilimweleza yote. Hakunicheka. Aliuliza jambo moja tu: "Uliweka mudomo?"

"Niliweka."

Akasoma dua kwa sauti ya chini, akaifunga kabureta ile kwenye kitenge kile kile na kwenda kuifukia nyuma ya karakana. Kisha tukajifungia ndani tukaitengeneza ya zamani. Aliziba boya kwa risasi ya kuyeyusha, akauvisha mhimili kipande cha bomba la shaba, nami nikakata gasketi kwenye boksi la viatu.

Pijo lilipanda. Makona yote lilipanda, bila kukohoa, mpaka kule juu kwenye baridi na ukungu ambako askari walisimamisha msafara kidogo. Tukashuka kunyoosha miguu. Mama Sifa alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, moshi mweupe ukimtoka kinywani, kama kinywani mwa kila mtu pale. Ghafla akanitazama.

"Weye," akasema, "mbona kinywa chako hakitoi moshi?"

Nikapuliza kiganja changu. Sikuhisi kitu.

Mama yake tulimpata mzima, tukamrudisha Nyakabiga. Mimi nakula, nalala, natembea kama watu wengine. Lakini mpaka leo siwezi kupuliza moto ukawaka, na kioo nikikisogelea hakifanyi ukungu. Daktari mmoja alinipima kifua, akasema mapafu hayana kasoro. Nilimwomba alete kioo. Alipokiona kimebaki safi, akaniomba niondoke.

Wewe unayenunua vipuri vya mkononi, sikia. Mgeni akikuletea kitu usichokijua kilikotoka, mwache apulize mwenyewe. Asipotoa povu, usithubutu kumsaidia.